Paka wa Nyumba Haingwa

Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi. Sisi wa Kyela tunaijua kazi ya kuinga, kwani mpunga unapoiva watoto wetu hushinda mashambani wakiinga ndege. Ndege huingwa kwa kuwa ni mwizi. Paka wa nyumba si mwizi, ni mwenyeji. Lakini akizaa tunafanya nini? Tunatafuta gunia, tunawatia watoto wake ndani, na kabla ya mapambazuko gunia limekwisha kutupwa sokoni penye vichwa vya samaki au, Mungu atusamehe, mtoni.

Simnyoshei mtu kidole. Gunia mojawapo lilikuwa langu. Watoto walikuwa wanne, macho hayajafumbuka. Niliwaacha nyuma ya soko, nikajidanganya kwamba wataokotwa. Kwa siku tatu mama yao alizunguka nyumba usiku kucha akilia, nami nikajifanya sisikii. Siku ya nne aliondoka, hakurudi tena. Baada ya mavuno panya walitoboa magunia yangu ya mpunga, nami nikakimbilia sumu.

Ndipo nikaelekezwa kwa mama mmoja mjane. Yeye na majirani zake wawili huokota paka waliotupwa, huwalea uani kwa vichwa vya usipa na makombo, kisha huwagawa kwa wanaohitaji. Hawana ofisi wala mhuri. Nilidhani nitachagua paka na kwenda zangu. Lakini wapi! Alinikalisha kwenye kigoda, akaanza kunisaili.

"Mwanangu, kwako mnaweka sumu ya panya?"

Nilikiri.

"Basi leo hupati paka. Kaiondoe kwanza. Panya aliyekula sumu akiliwa na paka, umewaua wote wawili. Na ukisafiri kwenda Mbeya, nani atamlisha?"

"Lakini mama, si atakula panya?"

"Paka mwenye njaa huhama. Anayelishwa ndiye anayekaa, na anayekaa ndiye anayewinda."

Nilitoka pale nimekasirika. Mtu mzima, baba wa watoto, nasailiwa kama mposaji kwa ajili ya kiumbe kisichojaa kiganja! Njiani hasira ikageuka aibu. Mama yule hakuniuliza neno lolote ambalo sikupaswa kujiuliza mwenyewe asubuhi ile ya gunia. Nilipokwisha kuiondoa sumu nilirudi, nikapewa jike mdogo mweusi aliyekataliwa na wengi kwa hofu ya uchawi. Nilipewa kwa masharti: akitimiza miezi 3 achanjwe kichaa cha mbwa, na akikua afungwe kizazi.

Najua nitakavyojibiwa. Watu watasema: watoto wa binadamu wanalala na njaa, ninyi mnalea paka! Nami nauliza: mpunga wa watoto hao analinda nani? Panya hula, na asichokula hukichafua kwa mkojo na kinyesi, na humo hutoka magonjwa. Je, ni huruma kwa mtoto kumwagia sumu nyumba anamotambaa? Kichwa cha usipa hakijamnyima mtoto chakula hata siku moja. Tena, mtoto anayemwona baba yake akifunga gunia lenye viumbe vinavyolia, amefundishwa nini?

Wengine watasema paka huzaa mno. Kweli. Mimba ya paka huchukua wiki 9 hivi, na jike aweza kuishika akiwa na miezi 6 tu. Kwa hiyo anayetupa hamalizi. Atatupa mwaka huu, atatupa na mwakani. Dawa ni kufunga kizazi. Ni gharama, sikatai. Lakini sisi tunaochangiana misiba na harusi, nyumba kumi za mtaa mmoja zitashindwa kuchangiana nauli na ujira wa daktari wa mifugo? Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu mwaka 2008, nayo inakataza ukatili kwa wanyama. Lakini sheria haitakesha uani kwako kungoja paka azae.

Walionikera kuliko wote ni wale wanaojiita wenye huruma. Baada ya habari za akina mama wale kuenea, watu walianza kuwaachia magunia mlangoni usiku, bila jina, bila hata kibaba cha dagaa. Asubuhi hujisifu kwamba wao hawakuua. La hasha! Kumtupia mjane paka sita mlangoni si kuwaokoa paka. Ni kuhamisha gunia. Kule Nairobi kipo chama cha KSPCA, chenye makazi ya wanyama waliotupwa na watu wa kuwahudumia. Hapa kwetu kuna akina mama watatu na ua mmoja. Wakichoka wao, tutabaki na soko na mto.

Ndugu msomaji, ukitaka paka, nenda kaulizwe maswali na uyajibu kwa haki. Ukiwa na jike, mfunge kizazi. Akikuwahi akazaa, walee watoto mpaka waache kunyonya, kisha wewe mwenyewe uwatafutie makwao, mlango kwa mlango, mchana kweupe.

Yule mweusi sasa hulala juu ya magunia yangu ya mpunga. Mama aliyelia siku tatu hakurudi, na sina wa kumwomba radhi.