Tusingoje Maumivu



Mtume Paulo afundisha kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Je, twangoja hekalu libomoke ndipo tulikague? Shinikizo la damu huweza kukaa miaka bila dalili. Jino lililoanza kutoboka huzibwa, likiachwa, hung'olewa. Mabadiliko yatanguliayo saratani ya mlango wa kizazi huonekana kwa kipimo cha siki, nayo hutibika.

Hapa ndipo lilipo suala la haki. Uchangiaji wa gharama ulipoanzishwa katika hospitali za Serikali ya Tanzania mwaka 1993, mwenye fedha kidogo alijifunza kuiweka akiba yake kwa ajili ya ugonjwa, wala si kwa ajili ya kipimo. Naye mtumishi wa nyumbani atakwendaje kupimwa akiwa mzima, ikiwa atakatwa mshahara wa siku hiyo?

Basi, kila mwajiri Mkristo ampe mfanyakazi wake siku ya kupimwa, pasipo kumkata. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo itenge fedha za nauli na vipimo kwa wajane na wazee wake. Kumhurumia mgonjwa ni wema. Kumwezesha maskini apimwe mapema ni kumtendea haki.