Majina ya Maradhi ya Akili Yasiwe Pingu

Mficha maradhi, kilio humfichua. Ndivyo walivyonena wahenga. Lakini ni nadra sana kuuliza ni kitu gani kilichomfanya mgonjwa ayafiche. Kwa jamii zilizodhulumiwa kwa sababu ya rangi au kabila, sehemu ya jibu imo katika majina zilizobandikwa.

Mwaka 1851, daktari Samuel Cartwright wa Louisiana, Marekani, alidai kwamba mtumwa aliyetoroka alikuwa mgonjwa wa akili, akaubunia ugonjwa huo jina: drapetomania. Kiu ya uhuru ikaitwa wazimu! Huku kwetu, J.C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, aliiandikia serikali ya kikoloni mwaka 1954 kitabu kilichoieleza Mau Mau kuwa tatizo la saikolojia ya Wakikuyu.

Si ajabu, basi, wazee wa jamii kama hizo wakimkanya kijana asimfunulie daktari yaliyomo moyoni. Hata hivyo, tahadhari hiyo, ijapokuwa ina sababu, haimponyi mgonjwa.

Mwandishi Bebe Moore Campbell alilitambua jambo hili. Aliwahimiza Wamarekani weusi wenzake wayazungumze maradhi ya akili bila kuona haya. Alifariki mwaka 2006. Mwaka 2008, Baraza la Wawakilishi la Marekani liliutenga mwezi wa Julai, kwa jina lake, uwe wa kuzihamasisha jamii za wachache kuhusu afya ya akili.

Kenya nayo imepiga hatua. Sheria ya afya ya akili ilirekebishwa mwaka 2022, na Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Lakini hakuna sheria iwezayo kuufunza ulimi adabu. Mwanafunzi anayejitenga angali anaitwa "kichaa" na wenzake, na pengine mwalimu hucheka nao. Jina hilo likishamganda, atathubutuje kuomba msaada?

Kiswahili hakikosi msamiati wa heshima. Tunalo neno sonona kwa huzuni nzito isiyomtoka mtu. Tunaweza kusema "anaugua akili" kama tusemavyo "anaugua malaria". Walimu, yafundisheni maneno haya darasani. Nanyi wanafunzi, mwiteni mwenzenu kwa jina alilopewa na wazazi wake, kisha msindikizeni kwa mshauri au zahanatini.