Mshubiri Haufi kwa Kiu



Wasomaji wetu watukufu, wiki hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya mmea ambao ni nadra kuukosa katika nyua na baraza zetu, nao ni mshubiri. Uchungu wake umeingia hata katika lugha yetu, na utomvu wake mama wengi wameutumia kuwaachisha watoto ziwa. Dada zetu kadhaa wamelalamika kwamba mishubiri yao inaoza vyunguni ingawa huimwagilia kila siku. Mingine walipewa na mama zao walipoolewa, na wapo wanaootesha miche ya kuuza, ambao kila chungu kinachooza kwao ni riziki iliyopotea. Malalamiko yao yamebeba jibu ndani yake: mimea hiyo inaoza kwa sababu humwagiliwa kila siku, tena katika udongo usiopitisha maji.

Asili ya mshubiri huu tunaoupanda majumbani ni Bara Arabu, katika nchi ya mawe, jua kali na mvua haba. Kwa hiyo majani yake yaliumbwa manene yapate kuweka akiba ya maji, na mizizi yake haizami sana ardhini. Mizizi hiyo yahitaji hewa kama ihitajivyo maji. Baina ya chembe za udongo mna matundu madogo, na hewa hupita humo. Udongo ukiwa mzito, maji huyajaza matundu hayo na kukaa humo siku nyingi, mizizi ikakosa pumzi, kisha ukungu wa uozo ukaishambulia.

Hapa ndipo wengi hupotea. Mmea ulioozwa na maji hulegea, na mmea wenye kiu nao hulegea. Mama akiuona umelegea humwonea huruma, akauongezea maji, na huruma hiyo ikaumaliza. Basi yatupasa kuligusa jani. Jani lenye kiu huwa jembamba, limekunjamana, lakini ni kavu. Jani lililozidiwa na maji huwa laini na tepetepe, tena hugeuka rangi ya kahawia kuanzia shinani, na pengine hutoa harufu.

Ama udongo, tusichote wowote tuuonao. Udongo wa mfinyanzi hushika maji na ukikauka huwa mgumu kama tofali. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na mara nyingi chembe zake ni ndogo mno. Udongo wa mifuko uuzwao madukani, mwingi umetengenezwa kwa mimea ya maua yapendayo unyevu, hivyo peke yake haufai.

Mchanganyiko ulio mwema hauhitaji fedha nyingi. Chukueni vibaba 2 vya udongo wa kawaida wa bustani, vibaba 2 vya mchanga wa mto wenye chembe kubwa, na kibaba 1 cha kokoto ndogo au vigae vya mtungi uliovunjika, vikiwa vimepondwa kufikia ukubwa wa punje za mahindi. Ongezeni nusu kibaba cha samadi iliyooza barabara, wala msizidishe, kwani mshubiri haupendi kushibishwa. Kisha lowesheni kidogo, mfumbate konzi moja na kuufungua mkono. Ukisambaratika, udongo umefaa. Ukibaki donge kama unga wa chapati, ongezeni mchanga na kokoto.

Chungu nacho lazima kiwe na tundu chini. Kile cha udongo wa kuchoma ni bora kuliko cha plastiki, kwa kuwa kuta zake hupitisha unyevu. Wengi wetu tumezoea kutandika mawe chini ya chungu tukidhani yatayaondoa maji. Kwa hakika maji hayashuki kwa wepesi kutoka udongo laini kwenda kwenye mawe. Husimama juu ya mawe hayo mpaka udongo ujae kabisa, na unyevu ukawa umeisogelea mizizi zaidi. Mawe yachanganywe ndani ya udongo wote, na juu ya tundu kiwekwe kigae kimoja tu cha kuzuia udongo usidondoke.

Udongo mwema nao wahitaji kutunzwa. Kabla ya kumwagilia, chomekeni kijiti cha mshikaki hadi karibu na chini ya chungu. Kikitoka na udongo uliogandamana nacho, ngojeni. Kikitoka kikavu, mwageni maji ya kutosha mpaka yatoke tunduni, kisha yamwageni yaliyotuama katika kisahani. Kunyunyizia kidogo kidogo kila siku hakufai, kwani hulowesha juu tu na kuuacha udongo na chumvi yake.

Na chumvi ni jambo la kuangaliwa sana huku kwetu, maana visima vingi vya mwambao vina maji ya chumvi. Mkiona utando mweupe juu ya udongo au ubavuni mwa chungu, jueni imerundikana. Ukwangueni utando huo, kisha pitisheni maji ya mvua kwa wingi siku moja ili yaishushe na kuitoa chini. Msimu wa masika, wekeni vyungu barazani au chini ya upenu, visipigwe na mvua mfululizo. Kila baada ya miaka 2 hivi badilisheni udongo, kwani samadi huisha na chembe hushikamana.

Wenye mishubiri iliyokwisha kuanza kuoza wasikate tamaa. Ng'oeni mmea, osheni mizizi, kateni kwa kisu safi kila kilicho cheusi na laini. Ulazeni kivulini siku 3 vidonda vikauke, upandeni katika mchanganyiko mpya mkavu, kisha msitie maji kwa muda wa wiki moja. Ikiwa shina lote limelainika, tafuteni vichipukizi pembeni. Chenye mizizi yake na kimo cha nusu shibiri chaweza kupandwa peke yake, na urithi wa mama ukaendelea katika chungu kingine.

Basi anayetaka kuhifadhi mshubiri wake aanze na udongo, na mkono wake wa maji auzuie kidogo.

Wabillahi tawfiq.