Fedha ya Desemba si faida yote

Soko la rejareja jijini Dar es Salaam huwa na sura mbili ndani ya muda mfupi. Wiki mbili za mwisho wa Desemba maduka ya nguo, viatu na vyakula hufurika wateja, na wenye maduka wa Mbagala, Manzese na Gongo la Mboto hupishana Kariakoo kufuata mzigo. Ikifika katikati ya Januari, mengi ya maduka hayo hayo yana shelfu zilizo wazi, na wenyewe wanahangaika kutafuta mkopo. Lawama hupewa ukata, kodi na mahitaji ya shule. Yote hayo yana sehemu yake, lakini chanzo kikubwa kimo ndani ya droo ya duka. Familia imekula mtaji ikidhani inakula faida.

Desemba ni mwezi wenye udanganyifu. Mzigo ukiwa kwenye shelfu hakuna anayefikiria kuula. Ukishauzwa unageuka noti, na noti ya mtaji haina alama ya kuitofautisha na noti ya faida.

Chukua mfano wa duka la nguo za watoto ambalo mwenyewe amenunua mzigo wa shilingi 6,000,000 mwezi Oktoba. Hadi Desemba 31 ameuza wote kwa shilingi 7,800,000. Kwa miezi hiyo mitatu amelipa pango shilingi 450,000, mshahara wa muuzaji shilingi 360,000, usafiri na umeme shilingi 240,000. Faida halisi iliyobaki ni shilingi 750,000, yaani shilingi 250,000 kwa mwezi.

Nyumbani huchukua shilingi 10,000 kila siku kwenye droo kwa ajili ya mboga na matumizi madogo. Kwa siku 92 hiyo ni shilingi 920,000. Kabla hata ya nguo za sikukuu, mtaji umekwisha kuliwa kwa shilingi 170,000 na hakuna aliyeona, kwa sababu droo imejaa. Nauli ya kwenda Moshi na Krismasi yenyewe zinachukua shilingi 600,000. Januari, sare, daftari, viatu na michango ya shule vinachukua shilingi 700,000. Mtaji uliokuwa shilingi 6,000,000 sasa ni shilingi 4,530,000.

Hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Wanaona kwamba robo tu ya mtaji imepungua, kwa hiyo nayo faida itapungua kwa robo. Pango halipungui kwa sababu mzigo umepungua, wala mshahara wa muuzaji. Kwa kiwango kile kile cha faida ya mauzo, mzigo wa shilingi 4,530,000 utaleta shilingi 1,359,000, na gharama zitabaki shilingi 1,050,000. Kinachobaki ni shilingi 309,000 kwa miezi mitatu, karibu shilingi 103,000 kwa mwezi. Faida imeanguka kwa zaidi ya nusu, na nyumbani bado wanahitaji shilingi 10,000 kila siku. Duka la namna hiyo linaweza kufungwa kabla ya Desemba nyingine, na mwenyewe atasema kwamba biashara imekuwa mbaya.

Inashangaza kwamba baadhi ya wafanyabiashara hao hao wana hisa. Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza mauzo mwaka 1998, mwekezaji mdogo amejifunza kuuliza maswali ya maana. Anajua kwamba gawio hutoka kwenye faida iliyoonekana katika hesabu zilizokaguliwa, na wakurugenzi wakigawa fedha kwa sababu tu zipo benki, atapiga kelele kwenye mkutano wa wenye hisa. Katika duka lake mwenyewe, ambako yeye ndiye mkurugenzi na mwenye hisa, anagawa gawio kila jioni bila hesabu.

Simu za mkononi zimerahisisha malipo, lakini zimezidisha mchanganyiko huo. Malipo ya mteja, mchango wa msiba na fedha ya kumtumia mama kijijini vyote vinapita kwenye laini moja. Jioni salio linaonekana, lakini halisemi lipi ni la mzigo.

Wapo watakaosema kwamba mtu hufanya biashara ili watoto wale na wasome, na mtoto hawezi kukaa nyumbani kwa ajili ya shelfu. Hoja hiyo ni ya kweli. Elimu ya msingi na sekondari ya serikali haina ada, lakini sare na daftari hazigawiwi bure, na wenye watoto shule za binafsi wana mzigo mkubwa zaidi. Hata hivyo Januari haiji ghafla. Tarehe yake inajulikana tangu Februari iliyotangulia. Na duka likifa, ada ya mwaka unaofuata itatoka wapi?

Dawa yake haihitaji mhasibu. Mwenye duka ajilipe ujira maalumu kama anavyomlipa muuzaji, na usizidi faida. Katika mfano huo, shilingi 7,000 kwa siku zingebakiza kama shilingi 40,000 kwa mwezi, yaani shilingi 480,000 kwa mwaka iwapo miezi yote ingekuwa ya neema kama hiyo. Sikukuu na shule vingepaswa kuenea humo, au kitafutwe kipato kingine. Ni jibu chungu, lakini ni heri lijulikane Machi kuliko Januari.

Pili, nyumba iandikwe kwenye daftari la wadeni kama mteja mwingine. Sabuni, sukari na fedha taslimu zikitoka ziandikwe, na zilipwe kutoka kwenye ujira. Mara nyingi mama huulizwa hesabu ya nyanya na vitunguu, wakati bia za baba hazimo kwenye daftari lolote. Kalamu iwaguse wote wawili.

Tatu, fedha ya shule ipewe mahali pake. Kwenye mchezo, zamu ya Desemba iombwe kwa ajili ya shule na isigeuzwe kochi. Kikoba kikivunjwa, mgawo uanze kwa sare kabla ya pilau. Fedha hiyo isipelekwe kwenye hisa, kwani hisa ni za fedha ambayo mwenyewe anaweza kuisubiri; bei ikishuka Januari, shule haitasubiri ipande. Wala pengo lisizibwe kwa mikopo ya kausha damu, ambayo marejesho yake ya kila siku yatatoka kwenye droo ile ile iliyokwisha kupungua.

Mwisho, mali ihesabiwe. Desemba ikiisha, kabla tiketi ya basi haijakatwa, mzigo uliobaki ujumlishwe na fedha iliyopo na madeni ya wateja wanaolipa, kisha yatolewe madeni ya duka. Jumla hiyo ilinganishwe na ile ya Oktoba. Iliyozidi ndiyo ya kula. Isipozidi, basi safari iahirishwe, na fedha iliyo kwenye droo irudi Kariakoo.