Daftari Lisilofutika Lahitaji Shahidi Mwaminifu

Kila uchaguzi unapopita twaulizana swali lile lile: kura tuliyoitia sandukuni Katuba, Kampemba au Ruashi, je, imefika Kinshasa jinsi ilivyotoka mikononi mwetu?

Tarehe 30 Desemba 2018 tulipiga kura kwa mashine. Tuligusa skrini, karatasi ikachapwa, ikatiwa sandukuni, kisha ikahesabiwa kwa mkono. Tarehe 10 Januari 2019 CENI ilitangaza matokeo ya muda. Siku hiyo hiyo Maaskofu wa CENCO, waliokuwa wametuma watazamaji wapatao 40,000, walisema kwamba matokeo hayo hayalingani na yale waliyokusanya. Raia hakuwa na njia ya kupima mwenyewe, kwa sababu matokeo ya kila ofisi ya kura hayakuchapishwa.

Ndiyo maana wengine leo wanapendekeza teknolojia ya blokcheni. Ni daftari moja ambalo nakala zake zimo katika kompyuta nyingi, na kila ukurasa umefungamanishwa na ule uliotangulia. Anayebadili tarakimu moja, nakala nyingine zamfichua. Kama karatasi ya matokeo ya kila ofisi ingeandikwa humo usiku ule ule wa kuhesabu, hakuna mkono ambao ungeweza kuigeuza njiani bila kuonekana.

Faida hiyo ni ya kweli, lakini ina mpaka. Daftari hulinda yaliyoandikwa. Halijui kama ni kweli. Sisi wa Katanga twalielewa jambo hili kwa urahisi. Mwezi huo huo wa Januari 2019, makampuni kadhaa, zikiwemo Ford na IBM, yalitangaza jaribio la kufuatilia kobalti ya Kongo kwa blokcheni. Lakini gunia likiandikwa jina la uongo mgodini, uongo huo utahifadhiwa salama hadi kiwandani. Vivyo hivyo kura: Januari 2024 CENI ilifuta kura za wagombea 82 kwa makosa yaliyojumuisha kumiliki mashine za kura kinyume cha sheria. Daftari gani lingeitakasa kura iliyotoka katika mashine kama hiyo?

Tena, kura ni siri. Kwa hiyo kinachofaa kuandikwa hadharani ni hesabu ya ofisi, wala si chaguo la mtu mmoja mmoja.

Jirani zetu wa Kenya, mwaka 2022, waliweka kwenye intaneti karatasi za matokeo za vituo zaidi ya 46,000, bila blokcheni. Mabishano hayakukoma, lakini kila mwenye kutaka aliweza kujumlisha mwenyewe.

Basi tudai kwanza hilo: matokeo ya kila ofisi yachapishwe, kisha teknolojia iyalinde. Nasi katika vikundi vyetu vya parokia tuandae watazamaji watakaobaki ofisini hadi kura ya mwisho ihesabiwe, na kunakili kwa uaminifu karatasi iliyobandikwa mlangoni. Ukurasa wa kwanza wa daftari lolote huandikwa hapo.