Wino wa kopo au wino wa kuchanganya? Mie nimeshachagua



Nimepotea kidogo, zamu za usiku zimenibana. Leo sina habari za baridi wala za bili ya gesi. Nataka tuongee wino. Ndiyo, wino wa kuprinti fulana. Najua kuna watakaocheka, nesi na wino wapi na wapi? Lakini wengi wetu huku Uingereza tunayo hii biashara ya pembeni: fulana za msiba, za harusi, za timu ya mpira ya Jumapili. Skrini mbili tatu, skwiji, mashine ya joto ya mtumba na gereji ya mtu. Mimi na shoga yangu tuna gereji hiyo. Na kila anayetaka kuanza huuliza swali lilelile: ninunue wino uliokwisha changanywa kiwandani, au ninunue rangi chache za msingi nichanganye mwenyewe?

Jibu langu kwa kifupi: nunua kopo. Changanya pale tu mteja anapodai rangi yake maalumu, na ukichanganya, pima kwa mizani na uandike. Sasa niwaeleze nimefikaje hapo, maana nimefika kwa kuumia.

Kiangazi cha 2023 mwenzetu mmoja hapa mjini alifariki. Chama chetu kikachanga kusafirisha mwili nyumbani, na kama kawaida pesa ikapungua, tukabaki na deni. Tukakubaliana tuuze fulana nyeupe zenye rangi za bendera siku ya familia, pesa yote iende kwenye deni. Kazi ikaja gerejini kwetu.

Njano, nyeusi na buluu tulikuwa nazo kwenye makopo. Kijani cha kopo kilichokuwepo kilikuwa na ubuluu mwingi, hakikufanana na cha bendera. Kwenye orodha ya muuzaji kulikuwa na kijani kingine, kingefika baada ya siku mbili. Sikutaka kusubiri. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nikachukua njano, buluu na nyeupe kidogo, nikakoroga kwa kijiti chini ya taa ya tyubu mpaka jicho langu likaridhika. Kikatoka kijani kizuri kweli. Fulana 60 zikaisha ndani ya wiki, watu wakaomba nyingine 40. Kopo lilikuwa limekwisha. Nikakoroga tena.

Siku ya familia, juani, baba mmoja kavaa ya kwanza na mwanawe kavaa ya pili. Wakasimama pamoja kupigwa picha. Baba mchicha, mtoto parachichi! Watu wakacheka sana. Mweka hazina hakucheka. Za pili hazikutaka kununulika, kila mtu anadai "ile ya kwanza". Kati ya 40 ziliuzwa 9. Zilizobaki 31, kwa pauni 12 kila moja, ni pauni 372 ambazo deni la marehemu lilizisubiri.

Shoga yangu hakunigombeza mbele za watu. Alisubiri mpaka tumefika kwenye gari, akaniuliza, "Hivi wewe mgonjwa ungempimia dawa hivyo, kwa jicho?" Sikuwa na jibu. Angalieni pia jambo hili: njano, nyeusi na buluu, zote za kopo, zilifanana fulana zote 100. Iliyoharibika ni moja tu, ile niliyoitengeneza mimi.

Hilo swali la dawa limenikaa kichwani, maana kazini kwetu mjadala huu ulishamalizwa. Mwaka 2002 chombo cha usalama wa wagonjwa cha huku kilitoa tahadhari kuhusu kloridi ya potasiamu iliyokolea, ile ambayo ikiingia mshipani haraka inasimamisha moyo. Chupa zake ndogo ziondolewe kwenye wodi za kawaida, na pale inapowezekana itumike mifuko iliyokwisha changanywa. Sababu haikuwa kwamba manesi hawajui hesabu. Mtu aliyechoka, usiku, anayekatizwa kila dakika, atakosea siku moja, hata awe hodari vipi. Basi ukiweza kumwondolea hatua ya kuchanganya, mwondolee. Wino hauui mtu, lakini uchovu ni uleule.

Sasa nisiwe mnafiki, wachanganyaji wana hoja zao. Ya kwanza ni rangi ya mteja. Kampuni au kanisa lenye nembo yake linakupa namba ya Pantone, mfumo uliotoka 1963 ambao kila rangi ina namba yake, na hutaki kumwambia "nina nyekundu inayokaribia". Ya pili ni nafasi: ukiwa na rangi za msingi kumi na kitu pamoja na nyeupe na nyeusi, unatengeneza mamia ya rangi bila kujaza gereji makopo. Kwa karakana kubwa yenye kazi za nembo kila siku, hata mimi ningesema wachanganye.

Lakini kwa sisi wa gerejini hesabu inageuka. Hesabuni mabaki. Mabaki ya nyekundu ya kopo ni nyekundu ya kazi ijayo. Wino wa plastisoli haukauki kwa hewa, ni chembe za plastiki ya PVC ndani ya kilainishi, hauivi mpaka uupe joto. Ukifunika kopo lako vizuri utalikuta linakusubiri. Mabaki ya zambarau uliyomchanganyia bibi harusi mmoja ni ya nani? Yatakaa rafuni mpaka uyatumbukize kwenye nyeusi. Na usithubutu kuyamwaga kwenye sinki.

Halafu kuna hatari isiyoonekana siku ya kwanza. Wapo wanaochukua wino wa msingi usio na rangi wakaongeza rangi kali ya maji mpaka ikolee wanavyopenda. Ukizidisha kiwango alichoandika mtengenezaji, wino hauivi sawasawa. Plastisoli nyingi zinahitaji kufika kama nyuzi 160 za Selsiasi unene wote wa wino, si juu tu. Ukiwa na rangi nyingi kupita kiasi, fulana inatoka nzuri, mteja analipa, ikifuliwa mara mbili rangi inahamia kwenye shuka. Wino wa kopo umeshapimwa na mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake.

Kwa atakayelazimika kuchanganya, fanya kama unapima dawa ya mtoto:

1. Pima uzito, usipime vijiko. Kama fomula ni njano 60, buluu 30, nyeupe 10, basi kwa gramu 500 ni 300, 150 na 50.

2. Angalia mizani yako. Kama fomula inataka nusu gramu ya nyeusi na mizani inasoma gramu nzima tu, hapo bado unabahatisha. Tumia mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, au changanya wingi mkubwa zaidi.

3. Changanya wa kazi yote pamoja na akiba. Watu wetu huagiza kwa awamu, mnatujua.

4. Printi kwenye kitambaa kilekile, kwa skrini ileile, uivishe, halafu toka nje ukaangalie mchana. Taa ya gereji inadanganya, na kitabu cha Pantone kimechapwa kwenye karatasi, si kwenye pamba.

5. Andika fomula, tarehe na namba ya bechi ya kila kopo. Hata wino wa kiwandani, bechi na bechi zinaweza kupishana kidogo.

Mkiisoma orodha hiyo mtaona kwa nini nasema nunueni kopo. Mwenye muda wa kufanya yote matano kwa ajili ya fulana 20, baada ya zamu ya saa 12, ajitokeze tumpe zawadi. Kijani kile cha siku mbili kingenigharimu subira tu. Nilichokipata kwa haraka yangu kilinigharimu pauni 372, nilizozitoa mfukoni nikampa mweka hazina Jumatatu yake, maana deni la maiti halingojei.

Shoga yangu bado anaamini kuchanganya ni ufundi na anaesema "kopo" ni mvivu. Tumeafikiana hivi: anachanganya yeye, mizani iko mezani, na daftari limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza. Mie sishiki kijiti nikitoka usiku.

Zile 31? Nimegawa karibu zote. Moja nalalia.

Nyie mliomo kwenye kazi hii mnasemaje? Haya, zamu inaniita. Mbaki salama.