Je, Mfinyanzi Huyu Hana Jina?

Katika jengo moja la umma huko Madibira, ambalo sitalitaja kwa kuwa kosa lake ni la majengo mengi, imetundikwa picha kubwa ya mwanamke. Ameketi chini, mbele yake kiko chungu kibichi, na mikono yake imetapakaa udongo hadi viwikoni. Picha yenyewe ni nzuri. Aliyeipiga anaijua kazi yake: amengoja jua la asubuhi limwangukie mama huyo shavuni, akamkamata katika nukta ile ambapo mtu amezama katika kazi hata amesahau kwamba anatazamwa. Chini ya fremu yamechapwa maneno haya: "Mama Mfinyanzi, Nyanda za Juu Kusini." Kando yake, kwa herufi ndogo lakini zenye kusomeka vizuri, limeandikwa jina la mpiga picha.

Nilimwuliza ofisa aliyekuwa akinitembeza: "Ndugu, mama huyu ni nani?"

Alicheka. "Ni mama tu, ndugu mwandishi. Wako wengi."

Akanieleza kwamba picha hiyo iliwekwa kwa ajili ya Siku ya Wanawake, tarehe 8 Machi, katika shabaha ya kuwaenzi wanawake walio katika kazi za sanaa. Nikamwuliza tena: tunamwenzije mtu tusiyemjua jina? Akanijibu kwamba jina halina faida kubwa. Lililo muhimu ni ujumbe.

Makala haya ni jibu langu kwa ofisa yule. Nakiri kwamba si mtu mbaya. Alinipa chai, na jioni gari lake la kazi lilinifikisha Rujewa. Lakini fikra aliyoitamka ni fikra mbaya, na ubaya wake unazidi kwa sababu hutamkwa na watu wema.

Hebu tutazame kuta za ofisi zetu. Hakuna mtumishi wa serikali wala mwalimu asiyefanya kazi chini ya picha. Picha ya Mwalimu Nyerere tumekua nayo. Tangu Machi 2021 ipo pia picha ya Rais Samia Suluhu Hassan, mwanamke wa kwanza kushika madaraka hayo katika nchi yetu. Je, yuko mtumishi atakayethubutu kuandika chini ya picha hiyo, "Mama Kiongozi, Visiwani"? Akifanya hivyo ataitwa ajieleze kabla ya saa nne asubuhi, na itakuwa ni haki aitwe. Sote tunajua kwamba picha ya heshima huandamana na jina. Basi kwa nini ujuzi huo unatutoka mara tunaposimama mbele ya mfinyanzi?

Mimi naona chanzo chake, na chanzo hicho ni cha zamani. Wakoloni wa Kijerumani walipoingia Uhehe na Usangu hawakuja na bunduki peke yake. Walikuja na kamera pia. Wanawake wetu walipigwa picha wakiwa na vinu, wakiwa na vyungu, wakiwa na watoto mgongoni. Picha zikawa kadi za posta, na chini yake pakaandikwa kabila kama vile mtu anavyoandika aina ya ndege au ya mti. Vitu vyao navyo vilichukuliwa. Katika makumbusho ya Berlin hadi leo yamo maelfu ya vitu vilivyotoka katika nchi yetu, na kwa vingi sana kati ya hivyo jina lililohifadhiwa ni la mkusanyaji, si la aliyekitengeneza. Mkusanyaji ana jina, mtengenezaji ana kabila. Mwezi Desemba 1962 Mwalimu aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ili tuanze kuiondoa kasumba ya namna hiyo. Sasa tazama: kadi ya posta imerudi, imekuzwa, imetiwa kioo, na safari hii tumeitundika kwa mikono yetu wenyewe, tena katika siku ya wanawake.

Wapo watakaosema kwamba namlinganisha mfinyanzi na wasanii, na hali kazi yake si sanaa bali ni "kazi ya mikono". Hoja hii nimeisikia hata kwa wasomi wenzangu. Ningependa wanaoishikilia waende Ikombe, kijiji cha Wakisi kilicho ufukweni mwa Ziwa Nyasa huko Kyela, chini ya milima ya Livingstone. Huko wanawake hufinyanga vyungu vya mviringo bila gurudumu lolote. Mkono peke yake ndio unaopima unene wa ukuta wa chungu, na mkono huo haukosei. Chungu hutiwa nakshi na rangi, huchomwa kwa moto wa uwanjani, kisha hupakiwa katika mitumbwi kupelekwa soko la Matema, na kutoka hapo husambaa mbali. Aliyewahi kujaribu kukandika udongo ukasimama kwa urefu wa shubiri moja tu bila kuanguka, huyo ndiye aniambie kwamba hapana sanaa hapo.

Au waende kwa wanawake wa Iringa wanaosuka vikapu kwa milulu. Kikapu cha Iringa kimesafiri kuliko wengi wetu. Kinauzwa katika maduka ya Ulaya na Marekani, na baadhi yetu tunakitumia mezani kuwekea matunda bila kujiuliza kilisukwa na nani.

Siku ileile ya Madibira nilikwenda sokoni. Palikuwa na akina mama wawili wanauza vyungu na nyungo. Nikawaonyesha picha ile, ambayo nilikuwa nimeinakili kwa simu, nikauliza kama wanamfahamu mtu huyo. Yule mkubwa hakuitazama sura hata kidogo. Alitazama chungu. "Baba, chungu hicho si cha huku," alisema. "Hicho ni cha Ziwani. Na huyo aliyekifinyanga hajaanza jana." Kwa maneno hayo mawili alinipa habari zaidi ya zile zilizochapwa chini ya fremu. Yeye aliisoma picha. Sisi tuliokwenda shule tuliitundika tu.

Nami sijitoi katika lawama hii. Nilipokuwa chuoni niliweza kuwataja wasanii wetu bila kusitasita: Sam Ntiro, Elias Jengo, Edward Saidi Tingatinga aliyefariki 1972, George Lilanga. Siku moja mwanafunzi mwenzetu wa kike alituuliza tumtaje mwanamke mmoja tu mchoraji, mchongaji au mfinyanzi wa Tanzania. Chumba kizima kilinyamaza. Tulikuwa tumeishi na kazi zao tangu utotoni, tumekunywa maji ya mitungi yao, tumelalia mikeka yao, na hatukuwa na jina hata moja.

Jina moja tu lingetuokoa, nalo ni la mwimbaji: Siti binti Saad. Huyu alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika ukoo wa watu waliokuwa wameonja utumwa, akapewa jina la Mtumwa. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na binti alikuwa akitembea na vyungu kichwani akiviuza kwa kuvinadi kwa sauti. Ni sauti hiyo ya kunadi vyungu iliyomfikisha mjini, kisha Bombay mwaka 1928 kurekodiwa kwenye sahani za santuri. Jina la Siti alipewa ukubwani, baada ya watu kuitambua kazi yake. Leo sura yake tunaijua kwa picha, na maisha yake tunayajua kwa sababu Shaaban Robert aliketi akaandika wasifu wake. Sasa jiulize: lau angebaki na vyungu vyake kichwani, akapita mpiga picha mmoja hodari, angeandikwa nani chini ya picha hiyo? Angeandikwa "Muuza vyungu, Unguja".

Tusidhani basi kwamba mfinyanzi hawezi kupata heshima mpaka aache ufinyanzi. Huko Nigeria alikuwako mwanamke wa kijijini aitwaye Ladi Kwali, aliyefariki 1984. Alijifunza kufinyanga nyumbani kwao kama wanavyojifunza wanawake wa Ikombe, na baadaye alifanya kazi katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja. Nigeria imemtia katika noti ya naira 20. Mtu anaponunua njugu barabarani, mfinyanzi yumo mkononi mwake. Na katika miaka ya 1970 alifika Abuja kijana wa Kenya, Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1950, akajifunza kwa wanawake hao. Leo vyungu vya Odundo vimo katika makumbusho makubwa ya dunia, navyo hununuliwa kwa fedha ambazo mkulima wa mpunga wa Madibira hawezi kuzipata kwa misimu mingi. Udongo ni udongo. Tofauti ni kwamba chungu cha Odundo kina mwenyewe.

Hapa ndipo ninapomjibu yule anayesema kwamba "picha hailiwi", kwamba mama mfinyanzi anataka bei nzuri wala hataki kutundikwa ukutani. Kweli, anataka bei nzuri. Lakini bei nzuri na jina haviachani. Mlanguzi ananunua kikapu kwa bei ya kutupa kwa sababu kikapu kisicho na jina kinaweza kubadilishwa na kingine chochote. Huyu mama akikataa, atakwenda kwa jirani. Mnunuzi wa Ulaya akianza kuuliza, "Nataka cha fulani," mlanguzi hana budi kurudi kwa fulani na kuzungumza naye kwa adabu. Hata sheria yenyewe imetangulia mbele yetu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inamlinda mpiga picha, na ndiyo maana jina lake halikusahauliwa pale Madibira. Simwonei gere. Lakini katika fremu ile moja zimo kazi mbili za sanaa, picha na chungu, na ni moja tu iliyotiwa saini.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Mwaka 1989 huko New York wanawake wasanii waliojiita Guerrilla Girls, wanaojifunika nyuso kwa vinyago vya sokwe, walihesabu kazi zilizowekwa katika makumbusho ya Metropolitan. Wakakuta kwamba katika sehemu ya sanaa ya kisasa wanawake walikuwa chini ya asilimia 5 ya wasanii, lakini asilimia 85 ya picha za watu walio uchi zilikuwa za wanawake. Maana yake mwanamke alikaribishwa ukutani akiwa kitu cha kutazamwa, akafungiwa mlango akiwa mtengenezaji. Sisi hatujawavua nguo mama zetu, tunajisifu kwa hilo. Tumewavua majina.

Kwa walimu nina habari ya mwenzao. Rosemary Karuga wa Kenya alisoma sanaa Makerere kati ya mwaka 1950 na 1952, akiwa mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Kisha akawa mwalimu, na kwa miaka mingi kazi yake ya sanaa ililala. Aliirudia katika miaka ya 1980 akiwa mtu mzima, akikata karatasi za sabuni na mifuko ya unga na kuzibandika kuwa picha, maana rangi zilikuwa ghali. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa Harlem, New York. Alifariki 2021. Ni walimu wangapi katika shule za Mbarali na Mufindi walio na mikono kama hiyo, ambao hakuna mtu aliyewahi kuwauliza?

Kazi ninayoiomba haihitaji bajeti wala semina. Kila mwalimu wa sanaa anao wanafunzi arobaini, na kila mwanafunzi anaye bibi, shangazi au jirani anayesuka, anayefinyanga, anayetarizi. Siku hizi simu yenye kamera imo katika nyumba nyingi za walimu. Apigwe picha kwa ridhaa yake, aulizwe jina lake kamili, alizaliwa wapi, alijifunza kwa nani, anachimba wapi udongo au anakata wapi milulu, na anauza kwa bei gani. Yaandikwe hayo yote chini ya picha, na nakala ya kwanza apewe yeye. Maofisa utamaduni nao watoke ofisini wakafanye vivyo hivyo minadani. Magari wanayo, mimi ni shahidi.

Naye ofisa wangu wa Madibira, ninayemshukuru tena kwa chai, nimemwandikia barua. Nimemweleza kwamba yule mama wa sokoni anasema chungu kile ni cha Ziwani, na kwamba Jumamosi wafinyanzi wa Ikombe huwa Matema. Picha achukue nayo. Nafasi ya kuandika jina ipo chini ya fremu, niliipima kwa vidole: inatosha mistari miwili.